Kikombe Nilichokitikisa Guatemala

Ijumaa, baada ya Magharibi.

Leo tumezima kiyoyozi na kufungua madirisha. Mtu wa Muscat anajua hiyo ni furaha gani. Upepo unaingia chumbani, nguo za safari bado zimo begini, na mimi nina raha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Tumerudi juzi kutoka Guatemala, mji mkuu wa nchi ya jina hilohilo, huko Amerika ya Kati. Baba anauza viungo, na hiliki tunayotia kwenye kahawa yetu, nyingi inatoka huko. Safari hii alituchukua mimi na dada yangu Ruwaida, kama zawadi ya kumuaga. Mwezi ujao Ruwaida anaolewa, anahamia Salalah, mbali huko kusini mwa nchi yetu.

Sasa nikiri. Ruwaida ndiye mdomo wangu. Dukani, hospitali, hata mwalimu akipiga simu, yeye ndiye anayenisemea. Mimi nasimama nyuma ya abaya yake natabasamu. Tangu siku walipokuja kumposa nina swali moja tu: akiondoka, ntakuwa bubu?

Nyumbani sijamwambia mtu.

Mji wenyewe niliupenda. Kuna baridi ya kuvaa sweta. Barabara zina namba badala ya majina, na mwisho wa barabara unaona mlima unafuka moshi, watu wananunua mikate yao kama hawauoni. Mimi nilikuwa nasimama katikati ya njia nikiutazama mpaka Ruwaida anivute mkono.

Siku moja Ruwaida aliamka tumbo linamsokota, akabaki hotelini. Baba akanichukua peke yangu kwenda kwa bwana anayemuuzia hiliki. Wao wawili wakaenda ua wa nyuma kufungua magunia, wakaniacha sebuleni na mama wa yule bwana, Doña Lucía, bi mkubwa mwenye nywele nyeupe alizozisuka. Hajui Kiarabu, hajui Kiingereza. Na Kihispania changu mimi kilikuwa asante, basi.

Akaniletea kahawa. Haina hiliki! Wanailima, wanatuuzia sisi, wenyewe hawaitii. Kikombe kikubwa kama bakuli, na biskuti za ufuta za kuchovya.

Nikanywa, nikamaliza, nikamrudishia huku nakitikisa.

Nyumbani kwetu mimi ndiye mdogo, kwa hiyo wageni wakija mimi ndiye ninayemimina kahawa. Kazi hiyo naipenda kwa sababu haina maneno. Nasimama na dele langu la kahawa, naangalia mkono wa mgeni. Akiitikisa finjani, ametosheka. Asipoitikisa, namimina tena. Nilidhani dunia nzima inajua.

Doña Lucía akakijaza mpaka juu.

Nikanywa, maana kuiacha niliona haya. Nikatikisa tena, kwa nguvu kidogo. Akacheka, akajaza. Cha tatu nilikitikisa kwa mikono miwili, masikini ya Mungu, na yeye akaona huyu mtoto ana kiu ya ajabu, akaenda jikoni kuchukua birika jingine.

Moyo ulikuwa unanidunda, sijui ni kahawa au ni woga. Nikaangalia mlangoni. Ruwaida hayupo. Baba hayupo. Bi mkubwa anakuja na birika linatoa moshi.

Nikafunika kikombe kwa kiganja, na maneno yakatoka yenyewe, kwa Kiswahili: "Basi bibi, wallahi nimeshiba! Utaniua!"

Kwa nini Kiswahili? Shule nimesoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na kwa zote mbili nikifungua mdomo naona wino mwekundu. Kiswahili ni cha nyumbani, tumekirithi kwa Bibi. Hakuna aliyewahi kunipa mtihani wake.

Doña Lucía akautazama mkono wangu, akautazama uso wangu, akacheka mpaka ikabidi akae. Kisha akaanza kunihadithia mambo kwa Kihispania, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia khabari za harusi. Nilimwambia naogopa. Hakuelewa hata neno, lakini nilipofika hapo alinishika mkono.

Leo mchana tulikuwa kwa Bibi, mtaa wa Mawaleh, ukoo mzima. Ada yetu ni kwamba aliyetoka safari lazima atoe khabari baada ya kahawa, na wote wanamsikiliza. Binamu yangu Said akaanza: "Khabari atatupa Ruwaida. Huyu mwengine atatuonesha picha." Watu wakacheka. Ruwaida akavuta pumzi aanze.

"Ngoja, Da Ruwaida," nikasema. "Hii wewe hukuwapo."

Nikahadithia yote. Nilipofika kikombe cha tatu nikanyanyua finjani, nikaitikisa kwa mikono miwili, nikaendelea mpaka mwisho.

"Wana hiliki yao halafu wanakunywa kahawa tupu?" Bibi akauliza. "Watu gani hao!" Kisha akanikazia macho. "Na hivyo vikombe vitatu mngempa zamani. Miaka yote hii nangoja sauti ya mtoto huyu."

Hata Said alicheka vizuri.

Baadaye nilikuwa jikoni na Ruwaida tunaosha finjani. Akasugua moja iliyokwisha kuwa safi, akasugua tena. "Hukunihitaji leo," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Nikampokea ile finjani, nikaikausha. Lakini njiani, garini, nikakumbuka: huko Salalah mama mkwe wake na mawifi wakiwa peke yao wanasema lugha ya milimani kwao, siyo Kiarabu, na Ruwaida hajui hata salamu yake. Miezi yote hii nimekuwa nikijililia mimi.

Huko, nani atamsemea yeye?

Bado nna furaha, sitaki kujidanganya. Nilisema mbele ya watu na sikufa. Ila kesho asubuhi, kabla nyumba haijaamka, ntakwenda chumbani kwake nimuulize kama anaogopa. Halafu ntanyamaza, safari hii kwa kupenda mwenyewe, nimsikilize.