Bahari Iliyoinama Kushoto

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Presha yako je, inatulia? Dada na wanawe hawajambo? Mimi ni mzima, nakula nashiba, wasiwasi wangu ni juu yenu tu.

Najua umenuna, maana miezi mitano hujapata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Una haki ya kununa. Habari yenyewe ni kwamba nimeachana na meli. Nimepata kazi nchi kavu, katika mji huu huu tulipotia nanga, kwenye ofisi ya mashua inayopelekea meli maji ya kunywa. Nimepanga chumba ghorofani. Asubuhi nikifungua pazia, bandari yote iko chini yangu.

Kamera uliyonipa bado inafanya kazi, ila ngozi yake imebanduka pembeni. Nakutumia mkanda mmoja, picha thelathini na sita, zote za mji huu na bandari yake, kwa ajili ya kalenda ya mwakani ya studio yako. Safisha, kisha uchague kumi na mbili. Tarehe ya kila picha nimeiandika kwenye karatasi kama ulivyonifundisha.

Nijibu kupitia ofisi ya mashua ya maji, anwani iko nyuma ya bahasha. Mzee mwenye mashua ni mtu mwema, barua haitapotea.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Kitindamimba

30 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Dada yako na watoto hawajambo. Presha yangu ilikuwa imetulia mpaka niliposafisha mkanda wako.

Kwanza nikuchokoze kidogo, maana nimekukosa. Bahari yako bado inainama kushoto. Tangu uvunje lile bega la kulia kwenye ngazi ya studio hujawahi kuishika kamera ikanyooka. Ningechapa kalenda hivi hivi, wateja wangeweka ndoo chini ya ukuta wakinge maji.

Sasa tuache utani. Nimepiga picha za bandari miaka thelathini na moja. Nimepanda mapaa ya maghala, nimepanda kreni na gauni langu, wanaume wakishika vichwa. Kwa hiyo usiniuzie mbuzi kwenye gunia. Mtu aliye kwenye dirisha la ghorofani anaziona gati kwa juu, tena kwa ubavu. Wewe umezipiga gati zote mbili uso kwa uso, na maji mbele yako tele. Picha ya kumi na nne ina kipande cha chuma pembeni, kimeliwa na kutu. Chuma hicho ni reli ya meli, mwanangu.

Tena kuna jambo lililoninyima raha zaidi ya hayo yote. Picha thelathini na sita za mji, na hakuna hata moja yenye uso wa mtu. Hakuna mwenye duka, hakuna mtoto, hakuna hata mbwa wa mtaani. Wewe uliyekuwa ukiniibia filamu upige picha za wapita njia! Mji umeupiga kama mtu anayechungulia harusi kupitia tundu la ukuta.

Uko wapi? Niambie kweli. Uongo wako haunipumzishi, unanichosha tu.

Mama yako

24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Nilisahau naandikiana na nani.

Sijakanyaga nchi kavu tangu Oktoba. Mwenye meli amefilisika na hapokei simu ya mtu. Mahakama ya huku imeizuia meli mpaka iuzwe, na sheria yao inataka abaki mtu mmoja ndani kama mlinzi. Nahodha alinipa karatasi akaniambia ni ya kupokea vyakula, nitie sahihi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nikatia, kumbe ni ya kukubali kuwa mlinzi. Kesho yake yeye na wenzake wakapandishwa mashua wakarudishwa makwao. Hakuweza hata kuniangalia usoni. Akabaki Mpishi kwa hiari yake, kwa kunihurumia. Mwezi wa pili akaanza kutapika damu, watu wa bandari wakamchukua. Tangu hapo niko peke yangu.

Pasipoti yangu iko polisi. Nikiondoka kabla meli haijauzwa nitakuwa nimeidharau mahakama, na wameshaniambia adhabu yake ni miaka miwili. Nani atainunua meli hii? Injini imekufa, taa hakuna. Mzee wa mashua huniletea maji na mchele kila baada ya majuma mawili, akichelewa nakinga mvua. Ndiye anayenipostia barua, na filamu hununua kwa pesa yake, Mungu ambariki.

Mama, mji uko pale. Nawaona watu wakitembea ufukweni, wadogo kama punje za mchele. Kila asubuhi nasimama mahali pale pale, nyuma ya meli penye ngazi ya chuma, napiga picha moja au mbili. Nikiacha kupiga nitarukwa na akili. Juzi nilijikuta nawapungia mkono watu, nikiita, mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyegeuka.

Usimwambie dada. Nakutumia mikanda mingine miwili. Sina kingine cha kukutumia.

Mwanao,
Kitindamimba

16 Mei

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nimemaliza, sasa nisikilize, na barua hii uisome ukiwa umesimama.

Dada yako nimemwambia, nisingeweza kubeba peke yangu. Tumekwenda naye chama cha mabaharia, tumekwenda wizarani. Kila dirisha linatupeleka dirisha lingine. Mmoja akaniambia, "Mama, si yuko salama? Ana kazi." Nilimtukana, dada yako akanivuta kwa kanga.

Niliporudi niliingia chumba cha giza nikachapa mikanda yako yote mitatu. Nimezibandika ukutani kwa tarehe, safu kwa safu, kuanzia ile ya Februari. Kamera ni ile ile, lenzi ile ile haivuti karibu wala haisogezi mbali, na umesimama mahali pale pale, kutu ile ile pembeni. Kwa hiyo nilichukua rula.

Ule mnara wa taa ulio mwisho wa ukuta wa mawe, Februari una milimita nane. Machi una tisa. Katika picha yako ya mwisho ya Aprili una kumi na mbili na ushei. Tena Februari mnara umesimama mbele ya mlango wa hoteli nyeupe. Sasa umeshaipita hoteli, uko nyumba tatu kushoto.

Najua meli huzunguka nanga yake, leo iko huku, kesho kule. Nimezitazama, usiniambie sijui. Lakini inayozunguka huenda na kurudi. Hii hairudi. Nanga yako haishiki, inaburuza, na unakokwenda ni kwenye yale mawe.

Nimempelekea mkuu wa bandari ya huko picha sita pamoja na vipimo, kwa rejista. Usimngoje. Mashua ya maji ikija, panda. Acha nguo, acha kila kitu. Wakikufunga, wakufunge. Sakafu ya jela haizami. Miaka miwili nitakuja kukuona nikiwa na bakora.

Usilale tena chini. Lala juu, karibu na boya la kujiokolea.

Naomba barua hii iruke.

Mama yako

2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako bado. Labda umenikasirikia, au presha imepanda. Tafadhali usiwe umeugua kwa ajili yangu.

Mzee wa maji alikosa kuja mara moja, bahari ilikuwa mbaya. Siku nne nimekunywa maji ya mvua yenye ladha ya rangi. Meli inatoa milio huko chini ambayo sikuizoea, kama mtu anayeburuta kitanda. Nimejaribu kushuka kuangalia, nikaogopa, nikarudi.

Nataka nikuambie jambo, usinicheke. Mji unanisogelea. Mwanzoni sikuweza kusoma saa ya benki, sasa naona hata mshale wa dakika. Naona nguo zilizoanikwa kwenye paa la hoteli, shuka na foronya. Jana nilimwona mwanamke amevaa njano, nikamwona mpaka mkoba wake. Najua ni uchu tu unanidanganya macho. Mpishi aliniambia wafungwa huona hivyo, mlango unakuwa karibu kila siku.

Lakini nafurahi, Mama. Ni kitu pekee kinachonifurahisha. Nakaa pale nyuma ya meli nautazama ukija.

Zimebaki picha chache kwenye mkanda huu, kwa hiyo nauweka kwanza. Nachoka. Wakati mwingine nafikiri nikijiachia tu majini hakuna atakayejua tofauti, wala mahakama haitajua. Halafu nakumbuka kwamba sijakuona ukizisafisha hizi picha, na natamani kujua zimetokaje.

Mwanao,
Kitindamimba

29 Juni

Kitindamimba,

Tarehe ishirini ilikuja simu ya maandishi kutoka bandari ya huko. Maneno yake ni haya: MELI IMEPANDA MAWE TAREHE 14 JUNI. MLINZI HAJAONEKANA. Basi. Hawakuandika pole.

Barua yako ya tarehe mbili imekuja leo. Postamasta aliileta mwenyewe, maana mtaa mzima umeshasikia.

Mji haukuwa unakusogelea, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unausogelea, na mimi nilijua, na barua yangu ilikuwa imekaa kwenye gunia mahali fulani.

Wajomba zako wamekuja, wanataka tuweke matanga. Dada yako amenunua kitambaa cha msiba. Nimewaambia watoke sebuleni kwangu. Wananitazama kama niliyechanganyikiwa, na huenda ni kweli. Nimeambiwa hujaonekana, sijaambiwa umekufa. Mimi kazi yangu ni mambo ya kuonekana na kutoonekana, tofauti yake naijua.

Sijui namwandikia nani. Naandika kwa sababu mkono hautaki kukaa.

Mama yako

21 Julai

Mwanangu,

Juzi ilifika bahasha. Mwandiko si wako, ni wa mtu mzima aliyezoea kamba kuliko kalamu. Muhuri wa posta umefutika, sikuweza kusoma siku wala mwezi. Ndani mlikuwa na mkanda mmoja, basi. Hakuna barua, hakuna karatasi ya tarehe.

Siku mbili sikuugusa. Niliuweka kwenye kabati la dawa za kusafishia nikakaa nje ya mlango kama askari. Nilijiambia Mzee wa maji ameuokota, ameona ni haki yangu, akanitumia. Nikiusafisha nitakuona ulivyokuwa ukiutazama mji, picha kwa picha, mpaka pale picha zinapokwisha. Sikutaka zifike mwisho.

Leo asubuhi nimeingia. Miaka thelathini na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwaga dawa chini.

Mji unakuja, kweli unakuja. Shuka za hoteli nimeziona. Mwanamke wa njano nimemwona, ingawa filamu haina rangi, kwangu nguo yake ni nyeupe tu. Picha ya thelathini na nne mnara wa taa haumo tena wote, kichwa chake kimekatwa na ukingo wa juu.

Ya thelathini na tano sikuielewa, ilikuwa nyeupe katikati. Nikaikuza. Ni karatasi, imewekwa juu ya reli yenye kutu, imekandamizwa na kikombe isipeperuke. Nikaikuza tena. Mwandiko ni wangu. Nimesoma kwa macho yangu mwenyewe: nanga yako haishiki, inaburuza.

Ilikufikia. Nilikaa chini kwenye ile dawa iliyomwagika, gauni likalowa, nikasema kwa sauti, imemfikia.

Kisha nikachapa ya mwisho. Karatasi ya picha ikiwa kwenye beseni la dawa, meli ndiyo iliyotokea kwanza. Meli nzima, kuanzia mbele mpaka nyuma, imelalia mawe. Hata ile ngazi yako ya chuma inaonekana. Mbele kabisa, chini, kuna ukingo wa barabara, kigogo cha kufungia kamba, na kivuli cha mtu. Aliyepiga picha hii alikuwa amesimama nchi kavu.

Nikajizuia. Nikasema, tulia mwanamke, huenda ni Mzee wa maji amemalizia mkanda. Yeyote anaweza kubonyeza kamera. Nikaitoa ikiwa mbichi, nikaipeleka dirishani, nikachukua rula ile ile, nikailaza kwenye mstari wa maji kule nyuma ya meli.

Bahari imeinama kushoto.

Nilimwita dada yako. Nikampa rula na ile picha. Alipima, akapima tena, akaniangalia, akaketi pale pale chini na kuanza kulia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya simu. Kitambaa alichonunua amekikata, anawashonea watoto.

Najua kwa nini hukuandika jina wala salamu. Wanakutafuta, na barua husomwa. Mkanda usiosafishwa hausomwi na mtu. Umefanya vizuri. Kokote uliko, usiniandikie. Kaa kimya, kula, lala kwenye sakafu isiyotikisika.

Barua hii sina pa kuituma. Nitaiweka kwenye kabati la dawa, utaikuta siku utakayoingia. Picha ya thelathini na sita nimeichapa kubwa nikaitundika juu ya kaunta. Wateja wamekwishaanza kuniambia imekaa upande. Mmoja jioni hii alinyoosha mkono anyooshe fremu, nikamkemea aiache.

Mama yako