Nilimpongeza Bibi wa Watu kwa Msiba Wake

Mpendwa Bi. Maxine,

Kila Alhamisi huwa naanza gazeti kwa ukurasa wako, nikicheka na shida za watu na wakwe zao na majirani wenye mbwa, wala sikuwahi kudhani iko siku nitakaa kwenye meza ya jikoni kwangu nikuandikie mimi, lakini sina mwingine wa kumwambia, maana walimu wenzangu nikiwaambia watajua nilichokificha miaka yote hii, na mume wangu nilipomwambia alisema, "Janelle, kila mtu hukosea bwana," akaendelea kutazama mpira, kwa hiyo nakuomba wewe unisikilize halafu uniambie ukweli hata ukiniuma.

Nafundisha Kihispania katika shule ya sekondari ya mji mdogo hapa Nebraska, mji wa mahindi na kiwanda cha nyama, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Darasa langu la mwaka wa nne lina wanafunzi kumi na wawili na ndilo lililokuwa likinifanya nitembee kifua mbele, kwa sababu kila muhula linafanya mtihani wa kuongea na karibu wote wanapata alama za juu, na mtihani wenyewe ni kwamba nawapa wawili wawili kadi yenye mazungumzo niliyoyaandika mimi, ya mgahawani au kwa daktari au uwanja wa ndege, wanayakariri, wanasimama mbele, wanayasema, nami nasema "Vizuri sana!" kwa Kihispania na darasa zima linapiga makofi. Ndio utaratibu wetu, Bi. Maxine. Akisema mtu chochote, hata kama ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nasema "Vizuri sana!" kabla hajafunga mdomo, maana chuoni tulifundishwa kwamba mtoto asipotiwa moyo anaogopa lugha, na sasa neno hilo linanitoka lenyewe.

Hapa ndipo pa kuungama. Mimi mwenyewe Kihispania siongei. Nasoma, naandika, sarufi unaweza kuniamsha usingizini nikakupangia vitenzi vyote, lakini mtu akinisemesha kile cha kweli, cha haraka, cha mtu anayekuambia yake, nashika maneno matatu manne na mengine yote yananipita. Nilikaa Hispania wiki sita nikiwa msichana, nikashinda na Wamarekani wenzangu. Wazazi wa kiwandani wakija shuleni jioni ya wazazi huwa nawaita wanafunzi wanitafsirie, na nikiulizwa nasema ni mazoezi kwa watoto, na watu wananisifu kwa ubunifu.

Anayenitafsiria mara nyingi ni Yesenia Barrientos, ambaye wazazi wake wametoka Honduras na yeye kazaliwa hapa hapa, ana miaka kumi na saba na anakaa safu ya nyuma. Mwezi wa kumi nilimpanga na Kellen Vosika, mtoto wa mkulima, mpole, anayekariri kuliko wote, wakapewa kadi ya mgahawani. Kellen akaagiza supu kama kadi ilivyosema. Yesenia akamwambia, "Samahani kaka, supu imekwisha. Labda nikuletee samaki?" Kellen akanitazama kama vile nimemwibia nguo. Darasa likacheka, mmoja akapiga kelele, "Jikaze Kellen, kula samaki!" na Yesenia akawa anamsubiri, anamsaidia kwa macho, "Au unataka uone kwanza jikoni kuna nini?" na mimi, Bi. Maxine, nilimpunguzia Yesenia alama kumi na tano nikaandika kwa wino mwekundu: Fuata kadi.

Mwaka huu ofisi ya elimu ya wilaya imetuambia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa nne lazima aweze kuzungumza dakika tano na mtu asiyemjua, bila karatasi. Nikaingiwa na hofu, si kwa ajili yao tu, kwa ajili yangu. Lakini nikajikaza nikatangaza kwamba kila Ijumaa tutamwalika mgeni anayezungumza Kihispania nyumbani kwake, na Yesenia akanishangaza, akanyoosha mkono akasema, "Señora," ndivyo wanavyoniita darasani, "bibi yangu anaweza kuja. Anapenda kuongea mpaka atawachosha." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu darasani kwangu.

Bibi Eulalia alikuja Ijumaa iliyopita na mkate mtamu wa kwao, wa moto bado, ameufunga kwa kitambaa, na amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimewapa wanafunzi maswali, ndiyo, niliwapa tena kadi, sikuweza kujizuia. Unaishi wapi, unapenda chakula gani, una watoto wangapi. Alijibu polepole, anatutazama mmoja mmoja, na tukawa tunaelewa, na kwa dakika sita au saba nilikuwa na furaha ambayo sijaipata miaka mingi, nikajiona mwalimu kweli.

Halafu Kellen akauliza lile la watoto. Bibi akasema watano. Halafu akaanza kusimulia, mwanzo taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi akitazama dirishani, na mimi nikashika neno mvua, nikashika mto, nikashika nyumba, nikashika mwanangu, nikasema moyoni anatueleza mandhari ya kwao, na nilikuwa naitikia kwa kichwa na kutabasamu muda wote, Bi. Maxine, kutabasamu, na alipomaliza alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili, nami nikasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Vizuri sana! Vizuri kabisa!" nikapiga makofi na darasa zima likapiga makofi.

Bibi akatuangalia. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoijua matumizi yake. Nikasema, "Nani ana swali lingine?"

Yesenia akasimama. Hakupaza sauti. Akasema kwa Kiingereza ili tusikie sote, "Señora, mwanawe alikufa maji. Kwenye mafuriko. Mdogo kuliko wote. Alikuwa anawaambia hakwenda kumzika, maana angetoka nchi hii asingeweza kurudi, na sisi wajukuu tulikuwa wadogo. Hajawahi kumsimulia mtu nje ya nyumba. Na ninyi mmempigia makofi."

Kellen akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema, "Mimi nilisikia mto na mvua, nikajua ni somo la sita, mazingira." Hakuna aliyecheka.

Kengele ikalia. Bibi akanishika mkono kabla ya kuondoka, akasema, "Asante, mwalimu," na hilo ndilo lililonimaliza. Mkate wao ulibaki mezani, hakuna aliyeugusa tena, na nikaja kuutupa Jumatatu, nayo hiyo nikaona ni dhambi nyingine.

Tangu siku hiyo darasa limekufa. Nikiuliza swali wanatazama meza. Yesenia ameniletea fomu ya kuhama darasa, inataka sahihi yangu kabla ya Jumatatu ijayo, na kwenye nafasi ya sababu hakuandika kitu. Siwezi kusaini na siwezi kukataa. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mkoba. Miaka kumi na tisa, watoto mia nne au zaidi, na nikijiuliza ni wangapi kati yao wanaweza kumsikiliza mtu anayelia kwa Kihispania wakajua kwamba analia, jibu ninalolipata ni hakuna, na wa kwanza katika hao ni mimi. Niache? Nimzuie mtoto? Nimpelekee bibi yule maua? Sioni njia, Bi. Maxine, na silali. Ukiichapisha barua hii, majina ya watu yabadilishe.

Ni mimi,
Mwalimu Asiyeongea, Nebraska

* * *

Mwalimu,

Pole. Nimekupa pole moja na inakutosha, maana barua yako ndefu na mwenye msiba ndani yake si wewe.

Nianze na hiyo ya kuacha kazi. Toa barua hiyo kwenye mkoba uichane. Si kwamba hustahili kuacha; huenda unastahili, hilo utaliamua mwezi wa sita, shule ikifungwa, ukiwa umetulia. Lakini ukiondoka wiki hii, watoto kumi na wawili watabaki wanajua kwamba mtu mzima akiumbuka anakimbia. Wanakariri kila unachowapa, umesema mwenyewe. Usiwape hilo.

Maua usipeleke. Maua ni kadi nyingine tu, umeandikiwa cha kusema kabla hujafika.

Kosa lako si kutoelewa, mama. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya Wacheki hapa hapa Nebraska, na nimekaa na shangazi zangu wakiongea Kicheki, nikipitwa na nusu ya mazungumzo, na hakuna aliyenichukia. Kosa lako ni kujitia umeelewa. Umefanya hivyo miaka kumi na tisa na ukawafundisha watoto wa watu kazi hiyo hiyo: kutabasamu, kuitikia, kusema mstari wako, kukaa chini. Yule Kellen hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi wako bora.

Na yule binti! Muda wote huu umekuwa na mtu mmoja tu chumbani mwako anayejua kuzungumza. Akamwambia mwenzake supu imekwisha, akamngoja, akamsogezea neno, akambembeleza asiaibike, na hicho ndicho wilaya wanachokidai, nawe ukamkata alama kumi na tano kwa wino mwekundu. Jioni ya wazazi ukamtumia awe ulimi wako bila hata kumwambia sababu. Halafu unashangaa nafasi ya sababu ameiacha tupu. Angeandika wapi, na karatasi yenyewe ni ndogo?

Fomu yake saini kesho asubuhi. Usimwite pembeni, usimlilie, usimwombe abaki kwa ajili yako. Mrudishie alama zake kumi na tano kwenye kitabu cha alama, umwambie kwa sentensi moja kwamba ulikosea, na umpe fomu mkononi. Akibaki, sawa. Akihama, ana haki, na utamkosa, na itakuuma, na hutanililia mimi.

Ijumaa usiifute. Alika mgeni mwingine na kadi zibaki kabatini. Wewe kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, safu ya mbele, ambako kila mtu anakuona. Mgeni akiongea ukapitwa, nyoosha mkono umwambie, kwa hicho hicho Kihispania chako cha vitabuni: samahani, hapo sijaelewa, naomba uniambie tena. Utaona haya mbele ya watoto wa miaka kumi na saba. Vizuri, yaone. Wakikuona mara tatu, ya nne atanyoosha Kellen. Na makofi yakome. Mtu akikueleza jambo lake, anayemjibu anamuuliza lingine, au anakaa kimya naye. Huo ndio mtihani wa kuongea, na hauna alama mia.

Sasa lililobaki, ambalo ndilo ulikuwa unalizunguka kwenye kurasa zote nne.

Utakwenda nyumbani kwa Bibi Eulalia. Usipige simu kwanza, maana kwenye simu utaanza tena ndiyo, ndiyo. Usiende na Yesenia akutafsirie, hata akijitolea. Mtoto yule ameshafanya kazi yako ya kutosha. Nenda peke yako, ubishe hodi, na umwambie kwamba siku ile hukuelewa na ukajifanya umeelewa. Sema vibaya, sema na makosa, vitenzi vikichanganyikana viache vichanganyikane. Kisha mwombe, kama atakubali, akusimulie tena, polepole, na kila unapopotea umsimamishe. Itachukua muda mrefu. Huenda ikamchosha. Huenda akakataa, akufungie mlango, na hutakuwa na la kumlaumu, kwa sababu mara ya kwanza alikufungulia mwenyewe ukapiga makofi. Sikuahidi msamaha. Sina wa kukupa na si wangu.

Lakini lazima uende, na nitakuambia kwa nini. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenitajia mume wako, umemtaja binti, umemtaja mtoto wa mkulima, umemtaja bibi na koti lake na mkate wake mpaka na kitambaa. Yule aliyekufa maji hukumtaja jina. Humjui. Alisemwa mbele yako, bila shaka na jina lake likatamkwa pale na mama yake mzazi, likakupita.

Kamuulize anaitwa nani, na safari hii usiinuke kwenye kiti mpaka umelisikia.

Bi. Maxine