Mwale Usio na Pindo

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani, na kile kifua kimepona? Huku miili mizima, ila nyumba imepoa. Shemeji yako bado ana jino lake bovu, analing'ang'ania kama urithi.

Sina haja ya kuzungusha maneno. Jicho la kushoto la baba limekwisha, sukari imelimaliza. Daktari anasema la kulia linaweza kuokolewa kwa mwale wa leza, akipelekwa kabla mwezi huu haujaisha. Baba hataki.

Hataki kwa sababu ya barua yako. Alikuuliza kama huo mwale utamuunguza, maana kuandika hesabu za miale ndiyo kazi yako. Ukamjibu kwamba mwale hauna ukingo. Ni mkali katikati, unafifia kuelekea pembeni, na kwa hesabu haufiki sifuri kamwe. Nilimsomea mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Mzee ni fundi cherehani, maisha yake yote amekunja pindo. Akasema, "Kitu kisicho na pindo hufumuka. Kitakula jicho zima."

Tumemweleza mpaka mate yametukauka. Daktari kamwambia huko pembeni mwanga ni hafifu, hauunguzi kitu. Anajibu kwamba daktari si mwanawe.

Nimekasirika, mdogo wangu, sifichi. Hukusema uongo, najua, lakini mzee mwenye hofu hakuuliza ili afundishwe.

Jana nilimkuta kwenye cherehani, anatafuta tundu la sindano kwa ncha ya kidole. Akaniambia nimpishe, namzibia mwanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na dirisha liko mbele.

Ningekupigia simu, ila chumba ni kimoja na anasikia kila neno. Basi piga wewe, umwombe yeye. Hesabu ziache hukohuko. Mwambie tu, "Baba, nenda." Akilisikia neno hilo kwako atavaa viatu.

Shangazi anakusalimu, na shemeji yako, jino na yeye. Mungu akulinde ugenini, na akufungue mdomo mapema.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hizi.

Huo mkwaruzo wa wino hapo ukingoni ni sahihi ya baba, alitaka kukusalimu kwa mkono wake. Nusu yake imebaki mezani.