Upande wa Pili wa Mstari wa Chai

Lushoto,
Jumapili, 9 Novemba 1969

Dada yangu mpendwa Ruth,

Shikamoo. Leo nitakuambia yote, hata lile ninaloona haya kuliandika. Tafadhali usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Mama hajambo, kifua kimetulia tangu baridi ipungue. Mimi pia sijambo. Wiki hii sisi wa kidato cha kwanza tumepalilia kabichi za shamba la shule mpaka viganja vikaota malengelenge, nikakumbuka vidole vyako vilivyokuwa vyeusi kwa majani ya chai.

Unaikumbuka likizo ile niliyokuja kwako Kwamkoro kungoja matokeo ya darasa la saba? Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa mzito hata nikawa siioni mikono yangu vizuri. Ulinisimamisha upande mmoja wa mstari wa chai, nawe ukazunguka upande wa pili. Uliniambia kila kichaka kina wachumaji wawili, na mmoja akiacha upande wake kinakua kombo, mnyapara anapiga kelele. Kisha sauti yako ikaja kutoka ndani ya ukungu, kwa Kiingereza: "The leaves are wet..." Ukanyamaza ghafla. Nilidhani umeona nyoka.

"Malizia," ukasema.

"Nimalizie nini, Dada?"

"Upande wako."

Ndipo ukanieleza. Sisi kwa Kiswahili tuna "sivyo?" yetu moja, tunaifunga mwisho wa kila neno kama mtu mwenye kanga moja, ya kanisani hiyo, ya shambani hiyo. Waingereza hawana ya kuvaa kila mahali. Kila sentensi ina ndugu yake, na usipomwita kwa jina haitiki. Sentensi ikikubali, ndugu anakataa. Ikikataa, yeye anakubali. Ikiwa ya jana, naye anatoka jana.

"Aren't they?" nikajaribu.

Ulicheka mpaka mstari mzima ukasikia. Mama Sikitu, yule mchumaji mzee aliyetoka Songea, akapaza sauti: "Ninyi watoto wa Kisambaa! Majani yenyewe hayajaenda shule, mnayasumbua na Kizungu cha nini?"

"Yanakwenda kunywewa Ulaya, Mama. Acha yazoee!" ukamjibu.

Siku ya tatu naye alikuwa ameshika moja, akaitumia kwa kila kitu. Mnyapara alipomwambia kikapu chake hakijajaa, alimjibu "Izinti iti!" kwa sauti kubwa, na mnyapara akaenda zake asijue ametukanwa au amekubaliwa.

Hata leo nikikaa darasani nashangaa: wewe ulijifunzaje? Ulikuwa umeishia darasa la saba, mwaka Mama alipolazwa, ukabaki nyumbani kupika uji ili mimi niwahi shule, kisha ukaenda kuchuma chai tupate fedha za dawa. Ulikuwa na kitabu kimoja tu kisicho na jalada, ulichokiokota kwenye makaratasi yaliyokuwa yakingoja kuchomwa nyuma ya kanisa. Ukakisoma saa za mapumziko, umekalia kikapu chako. Na tulipofika kwenye "I am late" ulisimama, ukasema, "Hapo sijui. Ukurasa umechanika. Ukifika sekondari uniambie." Sikuwahi kumsikia mtu mkubwa akisema "sijui" kwa sauti tulivu namna ile. Nilikuona mrefu kuliko mikaratusi ya kule juu.

Sasa lile la haya.

Jumanne mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika sentensi sita ubaoni, tuzimalizie. Darasa zima likajibu kama Mama Sikitu. Mimi nikasimama nikazimalizia zote sita, moja baada ya nyingine, na nakuapia, Dada, niliisikia sauti yako ikitangulia kila jibu.

"Nani alikufundisha?" mwalimu akauliza.

Mbele yangu anakaa binti wa mganga wa hospitali, nyuma yangu binti wa karani wa wilaya. Nikasema, "Mwalimu wangu wa darasa la saba."

"Mpe salamu zangu. Ni mwalimu hodari kweli."

Salamu zako, Dada, nikazigawa kwa mtu mwingine.

Alhamisi nilikwenda ofisini kwake. "Mwalimu, nilisema uongo. Aliyenifundisha ni dada yangu. Anachuma chai Kwamkoro."

Alitua kalamu. "Amesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Alikufundishia wapi?"

"Kwenye chai, Mwalimu. Tukichuma."

"Mimi nilikaa chuoni miaka miwili ndipo nikaweza kulieleza jambo hilo," akasema, "na darasa langu bado halijanielewa." Akafungua mtoto wa meza akatoa fomu.

Ni fomu ya chuo cha ualimu. Wanapokea waliomaliza darasa la saba, kwa sababu shule za vijijini zinafunguliwa na walimu hawatoshi. Nimeiweka humu ndani. Lazima irudi kabla mwezi haujaisha, ikiwa na sahihi yako mwenyewe.

Najua utasema lile uliloniambia siku ile uliponisindikiza kwenye lori la kuteremka Muheza: "Mimi gari langu limeshaondoka." Lakini Mama jana amechota maji mwenyewe kwenye kijito. Nilipomsomea fomu alisema, "Kifua changu kimemfunga kamba mtoto yule vya kutosha. Mwambie aende."

Na ule ukurasa uliochanika nimeupata. Ni "aren't I?" Mwalimu anasema sentensi ile haina ndugu wake wa tumbo moja, imeazima wa mwenziwe. Nilifurahi sana kujua jambo moja usilolijua, na papo hapo nikatamani ungekuwepo ulijue nami.

Upande wangu wa mstari nimeuchuma wote. Mwisho wa fomu, juu ya nukta za sahihi, nimeandika jina lako kwa penseli, hafifu, ili ulifute uliandike mwenyewe kwa wino. Nakusihi unijibu kwa posta itakayopanda kwanza: utasaini, Dada?

Mdogo wako akupendaye,
Agnes