Una Nini Kingine?

Jumatatu, 4 Machi

Amenijibu! Bi Kessling, yule meneja wa waandishi wa filamu aliyekuwa jaji kwenye shindano la maktaba. Anataka nikamwone keshokutwa. Nimepiga kelele mpaka Itzel akaacha kunyonya. Mwanangu kanicheka — meno mawili tu — kisha karudi kazini kwake.

Mama mkwe wangu, Doña Chayo, kauliza meneja ni nani. Nimemwambia ni mtu anayekutafutia kazi za kuandika filamu, ikipatikana na yeye anakata chake.

"Kumbe dalali! Si ungesema tangu mwanzo?"

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi.

Walinipa maji ya chupa kabla sijaketi. Efraín alishanionya: mji huu maji ndiyo salamu, mke wangu, usiyakatae. Chupa moja nimekunywa, nyingine nimeitia kwenye mfuko wa nepi.

Bi Kessling kasema ameipenda sana filamu yangu ya wanaanga, ile niliyoiandikia shindano. Sana! Nikayeyuka. Halafu: "Una nini kingine?"

Kingine? Mimi nilidhani mtu anapeleka moja! Hiyo moja tu kuiandika kumenichukua mimba nzima. Kumbe hawatafuti hadithi, wanatafuta mtu. Wa kuandika mwaka huu na mwaka ujao, asiyenuna akirekebishwa. Na wanaanga wangu ni wazuri, kasema, ila mtu yeyote angewaandika. "Nipe kitu ambacho ni Yesenia tu angekiandika."

Halafu, sijui kwa nini, nikamsimulia habari za Doña Chayo. Siku aliyofiwa na mumewe alikuwa na oda ya tamale za harusi ya watu. Majirani wamekuja kulia, wanamkuta jikoni anafunga unga kwenye maganda ya mahindi. Jioni akazipeleka mwenyewe, na nguo zake nyeusi.

Bi Kessling akaweka kalamu chini. "Hiyo. Umeshaiandika?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mdomo huu!

Anaitaka mwisho wa wiki ijayo.

Ijumaa, 8 Machi

Itzel akilala naandika. Akiamka naandika kichwani.

Doña Chayo kachungulia kompyuta. Huyu mpishi ni nani? Nikasema wa kubuni tu, Mama.

"Wa kubuni, mbona ana goti langu bovu?"

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia ukweli. Kanuna kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka maharage ya jioni. Kisha, bila kunitazama: "Na nani ataniigiza? Asiwe mnene kunizidi."

Basi, nimesamehewa.

Ila kuna jambo. Nimemuuliza — ulipofikisha zile tamale, ikawaje? "Nikarudi nyumbani." Nikauliza tena. Kachukua sufuria safi, kaanza kuiosha upya. Nikamuuliza Efraín. Hajui, alikuwa mdogo. Basi nimebuni: anakaa ndani ya gari, analia. Inapendeza. Mimi mwenyewe nimelia. Kesho naituma.

Jumatano, 20 Machi

Bi Kessling ameisoma! Kaandika maneno machache: hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anaitafuta, ila mwisho hauamini. Yale machozi, kasema, si ya mwanamke huyu, ni ya filamu. Atanipigia leo tuuzungumze mwisho huo, kisha ataamua kunichukua au la.

Na simu imelia wakati gani? Itzel yuko majini na mimi sabuni mpaka viwiko! Doña Chayo kaidaka.

"Ni msaidizi. Anasema nisubiri bosi aje."

"Mwambie asubiri yeye, Mama, nakuja!"

"Hawasubiri hao, mwanangu. Sisi ndio tunasubiri."

Sasa hivi naandika nimekaa ukingoni mwa bafu, Itzel yumo ndani ya taulo mapajani, maana mkono nimeunyoosha kuomba simu mpaka umechoka, na Doña Chayo kasimama mlangoni, hanipi. Bi Kessling keshaingia kwenye simu, na Kiingereza cha sokoni cha Mama kinamtosha kabisa.

"Hapana, mama, sikulia kwenye gari. Gari la kuazima, unalilia vipi? ... Wale wa harusi walinishika mkono, ingia, ingia. Nikaingia. Nikacheza."

Alicheza! Miaka yote hii! Mwanawe mwenyewe hajui!

Bi Kessling lazima kauliza kitu, maana Doña Chayo kageuka kunitazama, kaona haya kama msichana.

"Na nani?" kasema polepole. "Unataka kujua nilicheza na nani."

Kauvuta mlango kwa mguu. Kaufunga.

Nimembeba Itzel mpaka mlangoni, nimetega sikio. Itzel naye kashika mlango kwa viganja viwili, kakodoa macho. Kule nje mama mkwe anacheka — kicheko hiki sijawahi kukisikia ndani ya nyumba hii. Na kwenye simu Bi Kessling naye anacheka, namsikia mpaka huku.

"Jina lake nitakwambia," anasema. "Ila Yesenia asije akaliandika."

Shh, Itzel. Shh, mwanangu. Kalamu ninayo, Mama, sema tu —