Kibao cha Kushoto cha Bastola ya Baba

Jumanne, 9 Septemba

Mlango wa tatu leo. Mninga mkavu, randa inaruka ruka. Wenyewe wanakuja kuchukua Ijumaa na bado fremu mbili.

Mchana dada Mwanahawa akapiga simu kutoka Kibuta. Baba kaangusha bastola kwenye sakafu ya saruji. Kibao kimoja cha mshikio kimepasuka vipande vitatu. Nikauliza nani kaumia. Hakuna. Risasi alisharudisha polisi tangu mwaka juzi. Sasa tatizo nini? Tatizo, anasema, mzee hali.

Mtu mzima anasusa chakula kwa sababu ya kipande cha ubao. Nimekata simu nikarudi kwenye mlango. Upande mmoja nimeupiga randa vibaya.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda Kibuta kwa pikipiki, nikakata njia ya Kiluvya. Vumbi mpaka kwenye meno.

Baba amekaa barazani, sanduku la chuma miguuni. Shikamoo yangu kaiitikia nusu. Anasema ni paka. Paka karuka juu ya meza. Mwanahawa nyuma yake ananitikisia kichwa. Hakuna paka. Mikono ya mzee inatetemeka, macho yamefunga ukungu, na kila Ijumaa bado anaitoa kuipangusa mafuta.

Niandike vizuri ili hasira isinichanganye. Baba alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori, miaka thelathini. Bastola ni ya zamani sana, ile ya kuzunguka, risasi sita. Alipewa na mkubwa wake siku ya kustaafu, na kibali anacho. Mshikio una vibao viwili, kimoja kila upande, vya mti wa Ulaya anaouita mepo. Mbao nyeupe yenye manjano kidogo, na ndani ina mawimbi. Ukiigeuza kwenye mwanga mawimbi yanahama. Nimechana mbao maisha yangu yote, sijaona nyingine ya namna hiyo kwenye bastola.

Baba mwenyewe aliomba kuirudisha bastola serikalini kwa sababu haoni tena. Kapangiwa Jumatatu tarehe 22. Na sasa amekwama. Alipewa nzima, atairudisha nzima. Nikamwambia nitaunga vile vipande, gundi ya siku hizi ni kali. Akasema hataki kiraka. Nikasema basi niweke mpingo, upo hapa hapa wilayani. Akasema kwenye kitabu cha kibali imeandikwa mbao nyeupe.

"Wewe si fundi?" akaniuliza.

Maneno matatu. Miaka ishirini na tisa nina karakana Visiga, hajakanyaga mara moja. Hajawahi kusema kitu nilichotengeneza ni kizuri. Kitanda anacholalia ni changu. Leo ndiyo anakumbuka.

Ijumaa, 12 Septemba

Wenye milango wamechukua. Wamelalamika fremu. Sawa.

Nimezunguka wauza mbao wote wa Kibaha. Mkongo, mninga, mtiki, misindano. Nikitaja mepo wananitazama kama nimeota. Mmoja kaniambia nijaribu mbao za makasha ya mizigo bandarini. Nimemshukuru kwa sauti ambayo haikuwa ya kushukuru.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeipata mepo. Ninayo nyumbani miaka yote.

Gitaa langu. Linaning'inia sebuleni Tangini juu ya televisheni, halina nyuzi. Nilikuwa nakunywa chai nikaitazama shingo yake, jua limepiga kutoka dirishani. Mawimbi yale yale. Nimekaa na kikombe mpaka chai ikapoa.

Hilo gitaa nililinunua nikiwa na miaka kumi na tisa, napiga bendi Kibaha. Baba alisema muziki ni wa wahuni. Alisema mbele ya watu, kwenye harusi, nikiwa jukwaani. Niliacha bendi. Gitaa sikuliacha.

Sasa nilikate kwa ajili ya bastola yake. Mke wangu, Mama Salma, kaniambia kama ni hivyo acha, mwache mzee arudishe ilivyo, polisi hawatamla. Kweli. Lakini Mwanahawa kaandika kuwa leo mzee kanywa uji nusu bakuli tu.

Jumapili, 14 Septemba

Kibuta tena, kuchukua kipimo. Nilitaka kuja na kile kibao kizima karakana nikakifuatishe. Baba kakataa. Ni sehemu ya silaha, hakitoki ndani ya nyumba, kibali hakina jina langu. Nikamwambia ni ubao, baba. Ubao hauui mtu. Akafunga sanduku.

Tukabishana mpaka adhuhuri. Mwisho akakubali nikichore pale pale mbele yake. Kilichovunjika kina ncha imepotea, hakichoreki. Kwa hiyo nimechora kile kizima cha kushoto kwenye karatasi ya daftari, na unene wake kila mahali. Nikageuze nipate cha kulia. Kazi rahisi.

Nilipokuwa nachora alitaka akishike. Kakipokea kwa mkono wa kulia, kisha kakihamishia kushoto, kikakaa kwenye kiganja. Nilisahau. Baba ni wa mashoto. Bunduki, bastola, panga, vyote kushoto. Lakini kula, kusalimia, kupokea kitu ni kulia tu, na mimi niliyezaliwa kama yeye alinifunga mkono kwa kanga ya mama mpaka nikajua kula kwa kulia. Kupokea kwa kushoto nyumbani kwetu ni matusi.

Nimeondoka bila kula. Sikusema kwa nini.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeikata shingo ya gitaa.

Msumeno wa meno madogo. Katikati imepita chuma, na upande wa juu una mifereji ya nyaya. Nimegeuza, nimepima, nimegeuza tena. Mahali pazuri ni pale shingo inaponenepa kuungana na tumbo. Nimepata kipande kimoja. Kimoja tu, hakuna cha kukosea.

Vumbi lake jeupe, laini. Nimelikusanya kwenye kopo bila sababu.

Najisikia mjinga. Nina hasira na baba, na kipande hiki ni kizuri mno.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku mbili sijashika kazi ya mtu mwingine. Wateja wawili wameishia mlangoni. Tupa, halafu msasa, halafu msasa laini zaidi. Mbao hii ngumu, haikubali haraka. Ukipaka mafuta kidogo mawimbi yanatoka yote. Nimekipitishia kidole gumba mara mia.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hiki. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Nataka akishike aseme kitu. Umri wangu huu, wajukuu wawili, na bado nataka hilo. Naona aibu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeharibu.

Nimefika Kibuta baada ya swala, bastola iko mezani, bisibisi mkononi. Nikakileta kibao upande wa kulia. Hakikai. Nikadhani tundu la skrubu. Nikakigeuza. Kinakaa, ila uso wake umeingia ndani na upande wa ndani uko nje. Nikakipeleka upande wa kushoto. Kikakaa kama kilizaliwa pale.

Nimetengeneza cha kushoto. Cha kushoto kipo, kizima, hakina shida. Sikugeuza karatasi. Nilibandika mchoro kwenye mbao kama ulivyo nikaanza kukata. Hata fundi viatu wa wiki moja anajua kugeuza karatasi. Miaka ishirini na tisa.

Na kama angenipa kile kibao nikaondoka nacho ningekiona kwa macho. Nimemwambia hivyo. Sauti ilipanda. Nimemwambia pia kuwa nimekata gitaa langu, lile la wahuni, na kwamba kitanda chake nimekitengeneza mimi na hajawahi kusema hata ahsante. Mwanahawa kaja kusimama mlangoni ameshika mwiko.

Baba alikuwa ananyoosha kichwa kwenye sauti yangu, macho pembeni. Akauliza kimetoka mawimbi? Nikasema nini? Hicho ulichokosea, kimetoka mawimbi? Nikasema kimetoka. Nikakitia mfukoni nikaondoka. Sikumwachia akishike. Niliona mkono wake umeanza kunyooka na nikaondoka.

Jumamosi, 20 Septemba

Sijaenda karakana. Mama Salma kauliza mara moja tu halafu kaniacha.

Nimelitazama gitaa lisilo na shingo. Kilichobaki cha shingo hakitoi kibao kingine, nimepima mara tatu. Keshokutwa ndiyo Jumatatu. Mwanahawa anasema mzee kagoma tena chakula. Au mimi ndiye nimemfanya agome. Hasira imeisha, na kilichobaki ni kibaya zaidi.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi nimekumbuka kopo la vumbi.

Kila seremala anajua. Vumbi la mbao lichanganye na gundi, ziba ufa, likikauka piga msasa. Likiwa vumbi la mbao ile ile halionekani sana. Nimebeba kopo, gundi, jiliwa ndogo ya kubania, nikawahi Kibuta kabla jua halijawa kali.

Sikuomba ruhusa. Nimemwambia, baba, naunga vile vipande vyako, na ncha iliyopotea naijaza. Ni kiraka. Usipotaka kiraka kesho nenda na bastola yenye upande mmoja. Nilidhani atakataa. Kasogeza sanduku kwa mguu mpaka kwangu.

Nimefanya kazi barazani, yeye ameketi pembeni, mchana kutwa. Mara moja kauliza hiyo harufu ni nini. Gundi. Mara nyingine kauliza mbona kimya. Nikasema inakauka.

Alasiri nimefunga skrubu. Kakagua kwa vidole, taratibu, upande mzima, halafu upande wa kiraka. Kidole kikasimama pale pale penye ufa. Hajaona kitu na kidole kimesimama pale pale.

"Hapa," akasema.

Nikasema ndiyo, hapo. Akapapasa tena. Akamwita Mwanahawa alete chakula. Wali na kisamvu. Tumekula sahani moja, wote kwa kulia.

Jumatatu, 22 Septemba

Kituoni tumefika mapema. Baba kavaa kanzu na koti la kazi juu, lile la vifungo vya shaba. Askari aliyepokea ni kijana wa adabu, kamwita babu, kamletea kiti. Kasoma kitabu cha kibali, kasoma namba kwenye chuma, kaandika. Vibao hata hakuvitazama. Wiki mbili nzima, na hakuvitazama.

Nilitaka kucheka, au kupiga meza. Baba mwenyewe ndiye kamwambia. Kamwambia bwana mdogo, upande wa kulia umeungwa, andika. Askari kasema si lazima, babu. Kasema andika. Imeungwa na mwanangu, ni fundi. Kijana akaandika.

Kaikabidhi bastola kwa mkono wa kulia, kushoto kashika kiwiko, kama anampa mkubwa wake. Kisha mikono yote ikabaki magotini, mitupu, inatetemeka. Sikuweza kuiangalia.

Nje kuna benchi chini ya ukuta. Kaomba tukae kwanza. Watu wanapita na karatasi zao. Halafu akasema nimpe kile nilichokosea.

Kilikuwa mfukoni tangu Ijumaa. Nikakitoa, nikampa kwa mkono wa kulia kama alivyonifundisha. Akanyoosha wa kushoto.

Mbele ya watu, mchana kweupe. Nikadhani hakujua ni mkono gani, kwa macho yale. Nikasubiri abadilishe. Hakubadilisha. Akaupanua zaidi. Nikakiweka kiganjani, akafunga vidole, na kule kutetemeka kukapungua. Sikudanganyi, daftari. Kulipungua.

"Kinaingia," akasema.

Basi. Akakishika hivyo hivyo mpaka Kibuta.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua ndogo asubuhi, imekata vumbi. Karakana kulikuwa na baridi ya kupendeza.

Mwanahawa kapiga simu kuniuliza habari za nyumbani. Anasema mzee anakula. Kibao hakiachi, anakaa nacho barazani kutwa, gumba linakwenda na kurudi. Jana baada ya swala walimtembelea wazee wenzake wawili. Mmoja kauliza hicho ni cha kazi gani. Baba kasema cha kushika. Kakichonga Shabani, kasema, wa kwangu wa Visiga, na kawapa mmoja mmoja wakipapase kisha kadai kirudi upesi.

Nikamwambia sawa, msalimie. Nikakaa kidogo juu ya magogo.

Mama Salma ameuliza kama ashushe lile gitaa, halina shingo, linatisha wageni. Nimesema liache.

Jioni nimemaliza mlango wa mwalimu wa Tangini. Mkongo. Nimeshika randa kwa kushoto, ndivyo ninavyofanya kazi nikiwa peke yangu. Umetoka sawa pande zote mbili.