Mwanga Chini ya Mkeka

Fagalilo,
Savai'i, Samoa.
14 Agosti 2023

Mpendwa kaka yangu Iosua,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi Meleane, bado anafanya kazi ya usiku kule kiwandani? Mwambie avae soksi nzito, baridi ya Oklandi haina huruma. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila goti langu la kushoto linanisumbua tangu upepo wa Agosti uanze.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimeiandika kwa kalamu makusudi, na nimempa mke wa mchungaji anayekuja huko aitie mkobani mwake. Zile njia nyingine sina imani nazo. Siku moja niliuliza kwenye simu dawa ya goti, mara moja tu, na tangu siku hiyo naletewa matangazo ya mikongojo. Nani kaiambia kwamba nimefika hapo? Mtu akinijibu maswali yangu yote bure, bila hata kuomba kikombe cha kakao, mimi nashika mfuko wangu.

Aliyenaswa kabisa ni kaka yetu Aperamo. Tangu mwanawe amletee simu kubwa, mkuu wetu wa ukoo haulizi tena mtu. Anakaa nje, bahari iko mbele ya pua yake, anaiuliza simu kama maji yamekupwa. Juzi nilimkuta akitafuta namna ya kupika majani ya taro kwa tui, na mimi niko pale pale nakuna nazi. Nikamwuliza, "Kaka, na mimi niko wapi?" Akasema, "Wewe maelezo yako marefu."

Na hilo jibu fupi lenyewe halimalizi. Macho yako mstari wa pili, kidole kimeshahamia swali jingine. Huyu ndiye aliyekuwa akimsikiliza baba akihesabu nasaba ya ukoo tangu chakula cha mchana mpaka kengele ya sala, wala hajikuni. Sasa hata tukiwa katika sala ya jioni, simu iko pajani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Binti yako Temukisa alinionyesha ujumbe uliomwandikia: "Umenitia aibu mbele ya kijiji changu." Najua na ulikoitoa habari hiyo. Mtu akiandika jina la Fagalilo kwenye simu siku hizi, cha kwanza kutokea si kanisa letu wala ufuo. Ni habari ya msichana wa Oklandi aliyechezea simu chini ya mkeka wa toba. Mmoja aliandika, wengine wakairudia, mashine ikaipandisha juu kabisa, na wewe ukasoma kichwa cha habari ukamhukumu mwanao. Mimi niliyekuwepo hukuniuliza. Limeniuma, kaka, nakwambia wazi.

Ya ajali unayajua, sitayarudia. Temukisa alikuwa anaendesha ile gari ya Aperamo, kona ya kiwanja cha raga ikamshinda, akamgonga Falaniko. Kijana wa watu alivunjika nyonga, na mpaka leo yuko hospitali. Daktari hasemi kama atatembea vizuri, sembuse kucheza raga.

Basi ilipofika siku ya ifoga, ya kwenda kuomba msamaha chini ya mkeka, tulitoka kabla hakujapambazuka. Tulibeba kuni, mawe ya tanuri na majani ya kufunikia, ili nyumba ya Falaniko ione kwamba tumekuja tayari hata kupikwa. Nilipita na kikapu tangu nyumbani nikikusanya simu za wote. Aperamo akatia yake bila ubishi, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemweza. Kumbe ametia ile mbovu ya zamani yenye kioo kilichopasuka! Mimi ninayeshuku hata mizani ya duka, nikaingia mkenge.

Tukaketi uwanjani mbele ya nyumba ya Bi Losivale, bibi yake Falaniko. Aperamo na Temukisa mbele, vichwa chini, mkeka mzuri wa marehemu mama umewafunika wote wawili. Sisi wengine nyuma yao. Hakuna aliyekohoa. Muda si mrefu nikaona mtu amesimama kati ya nguzo za nyumba, anajishikilia, ana nia ya kushuka aje kuuinua mkeka, tuwe tumesamehewa.

Ndipo mkeka ukawaka. Mwanga wa buluu, kaka, umepenya kila mshono wa kazi ya mama. Yule mtu akasimama kidogo akitazama, kisha akageuka. Wakashusha mapazia ya makuti upande wetu, moja baada ya jingine. Tulikaa mpaka jua likatuchoma visogo. Mwishowe mchungaji akaja kutuambia twende nyumbani, leo hapana.

Hatujafika hata njia panda, watu walishakubaliana kwamba ni mtoto wa Oklandi. Nani mwingine asiyejua mila? Lakini simu ya Temukisa ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya kikapu, chini kabisa. Nilimngoja Aperamo mpaka akabaki peke yake kwenye tanuri la mawe, nikamziba njia.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa naangalia tu huwa inachukua muda gani."

"Nini kinachochukua muda?"

"Mpaka watusamehe. Miguu ilikufa ganzi, Fuatino. Mtu huwezi kukaa hivi hivi tu bila kujua."

"Haya, ikakwambia nini?"

Akatazama pembeni. "Ilikuwa bado inazunguka."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nikamwambia aende akaseme ukweli. Akajibu kwamba mkuu wa ukoo akiaibika ni ukoo mzima umevuliwa nguo. Nilipotaka kwenda kusema mwenyewe, binti yako alinishika mkono. "Shangazi, acha. Falaniko hatembei kwa sababu yangu. Na hili nitalibeba." Huyo ndiye uliyemwandikia kwamba amekutia aibu.

Sasa hatoki. Wajomba wa Falaniko wamesema wasimwone barabarani mpaka nyumba yao itakaporidhia, na baraza la kijiji limeanza kunong'ona habari ya kumfukuza. Jana niliingia chumbani kwake bila kubisha, nikamkuta amekaa sakafuni, miguu ameikunja, shuka kichwani. Nikadhani mgonjwa. Kumbe anajizoeza kukaa. Nilirudi kinyumenyume, nikauvuta mlango.

Alhamisi nilikwenda kwenye nyumba ya kusukia mikeka kama kawaida, ingawa nilijua nitasemwa. Bi Losivale alikuwepo. Hakuinua hata macho.

"Fuatino, huo mkeka wenu unatumia betri?"

Wanawake wote wakacheka. Nilijikaza, nikaendelea kusuka. Walipokwenda kunywa kakao, akanisogelea.

"Ule mwanga ulimulika kitambi," akasema. "Msichana wenu mwembamba vile, kitambi amekitoa wapi?"

Nikainamia ukindu wangu, na yeye hakungoja jibu. Akaniambia kwamba asubuhi ile yule mtu kati ya nguzo alikuwa yeye. Alikuwa ameshavaa kandambili. Wewe unaijua miguu yake ilivyovimba, kuvaa tu ni kazi. "Nikasema, kumbe hawa wana haraka zao. Basi waende."

Nikamwuliza kama tunaweza kurudi. Alisuka mstari mzima kimya, akakata ncha kwa meno, akaanza mwingine. Nami nikangoja. Nilitamani Aperamo awepo aone namna ya kungoja jibu. Hatimaye akasema, "Mkeka mnao. Baba yake msichana yuko wapi?"

Kaka, ndiyo maana ya barua hii. Tumepanga Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Aperamo nilimweleza maneno ya Bi Losivale, akaona haya, na amekubali kukaa nyuma yako. Ila bado hajapona: alikwenda kuiuliza simu kama ifoga inaruhusiwa kurudiwa, ikamletea mikeka inayouzwa. Siku hiyo nitampekua mwenyewe mpaka kwenye soksi, awe mkuu wa ukoo asiwe.

Usinitumie maelezo ya namna ifoga inavyofanywa, wala usianze kutafuta kanuni za ruhusa kazini zinasema nini. Njoo ukae chini ya mkeka na mtoto wako. Usiniulize tutakaa muda gani, kwa sababu sijui, na Bi Losivale hajui, na tukishajua hautakuwa msamaha, itakuwa ratiba ya basi. Na kabla hujaja, mpigie Temukisa. Usimwandikie. Mpigie, ukae kwenye simu hata akinyamaza.

Msalimie sana wifi Meleane, na Petelo na mkewe, na kale katoto kao ambako sijakaona bado. Mwambie shangazi Lupe kwamba chupa zake za mafuta ya nazi ziko tayari. Aperamo anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akulete salama.

Dada yako akupendaye, anayekungoja uwanja wa ndege,

Fuatino

Nimekumbuka nikiwa nafunga bahasha. Unanijua, simwamini mtu moja kwa moja, hata Bi Losivale. Leo asubuhi nilizunguka makusudi nikapita kwake, nikijifanya naenda dukani. Mapazia upande wa uwanjani yamepandishwa. Kandambili zake ziko ukingoni mwa sakafu, zimewekwa sawasawa, zinatazama nje.